Ekseli ya mbele ya Land Cruiser 40: soma dalili kabla hujafungua nati

Ekseli ya mbele ya Land Cruiser za toleo la 40, zile zilizotengenezwa Japani kuanzia 1960 hadi 1984, huugua ugonjwa mmoja kwa sura nyingi. Mwenye gari mmoja analalamika grisi inamwagikia kwenye rimu. Wa pili breki zinamvuta upande. Wa tatu usukani unatetemeka akifika kilomita 60 kwa saa, na wa nne anasikia ta-ta-ta kila akikata kona. Kila mmoja anakwenda gereji na malalamiko yake, anabadilishiwa kipuri kimoja, na mvua za msimu unaofuata zinamkuta pale pale. Mara nyingi chanzo cha yote ni sili (pete ya mpira inayozuia oili isivuje) moja ndogo iliyo ndani kabisa ya ekseli, mahali ambapo hapafikiki bila kuvua kila kitu kilicho mbele yake.

Nayaandika haya kwa ajili ya magari ya Dodoma na jirani zake: Kondoa, Mpwapwa, Bahi, Manyoni. Huku ekseli inaishi maisha mawili. Kiangazi kirefu inatembea kwenye vumbi laini linalopenya kila penye upenyo. Kisha Desemba inafika, korongo lililokuwa mchanga mtupu asubuhi linajaa maji jioni, na ekseli yenye joto inazamishwa humo hadi kwenye habu, yaani kitovu cha tairi.

Ndani kuna nini

Difu, ile nyumba ya gia iliyo kwenye ekseli, huzungusha shafti mbili, moja fupi na moja ndefu. Kila shafti inatokea kwenye tufe la chuma lililo mwisho wa ekseli, na mlangoni mwa tufe hilo ndipo inapokaa sili ya ndani. Upande mmoja wa sili kuna oili ya difu, upande wa pili kuna grisi. Tufe limefunikwa na nako, ile nyumba inayogeuka pamoja na tairi, na nako imeshikiliwa na beringi mbili ndogo, moja juu na moja chini. Ndani ya nako kuna jointi ya Birfield yenye gololi sita, ndiyo inayoliwezesha tairi kukata kona huku likizungushwa. Mbele yake ni spindo (bomba ambalo habu huzungukia juu yake), habu, beringi mbili za tairi, na sili ya nyuma ya habu inayozuia grisi isifike kwenye breki.

Sasa fuata safari ya oili. Sili ya ndani ikichoka, oili ya difu inavuka na kuiyeyusha grisi iliyo ndani ya nako. Ule uji hauzilindi tena gololi wala beringi za nako. Unapita ndani ya spindo hadi kwenye habu, unaosha grisi ya beringi za tairi, unaishinda sili ya habu na kuishia kwenye breki. Huku nyuma difu inapungukiwa na oili kimya kimya. Ndiyo maana kubadilisha beringi ya tairi peke yake, au pedi za breki peke yake, ni kulipa mara mbili.

Jaribio la tairi kuwa juu

Kabla ya kununua chochote, tafuta mchezo uko wapi. Egesha mahali tambarare, weka mawe kwenye matairi ya nyuma, inua ekseli kwa jeki, kisha uishushe juu ya stendi. Udongo wetu wa tifutifu humeza stendi, kwa hiyo weka ubao mpana chini yake, na usijaribu kuingia chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Shika tairi juu na chini, sukuma na kuvuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki kwa nguvu na urudie. Mchezo ukipotea, beringi za tairi zimelegea. Mchezo ukibaki, ni beringi za nako. Jaribio hili halina gharama yoyote na ndilo linalotenganisha kazi ya saa chache na kazi ya siku mbili, hivyo usikubali fundi akadirie bei kabla hajalifanya mbele yako.

Kisha shika tairi kushoto na kulia. Mchezo wa hapa ni wa tairodi endi, yaani viungo vya mwisho wa fimbo ya usukani, au wa viungo vya usukani vilivyo nyuma yake. Weka kidole kwenye kila kiungo huku mwenzako akiyumbisha usukani taratibu. Kilicholegea utakisikia kwenye kidole kabla ya kukiona kwa macho.

Mwisho, fungua plagi ya grisi iliyo kwenye nako, chovya waya uone unatoka na nini. Fungua na plagi ya kujazia difu. Kama nako imejaa uji na oili ya difu imeshuka chini ya tundu, jibu unalo.

Dalili: uchafu wa grisi kwenye tufe na rimu

Utando mwembamba wa grisi kwenye tufe ni afya. Sili ya nje hulifuta tufe kila usukani unapogeuka, na lazima iache utando kidogo. Tufe kavu lenye kutu ndilo la kutia wasiwasi.

Grisi nzito nyeusi ikijikusanya nyuma ya nako, kosa ni la sili ya nje: ule mpira na ile felti yake vimekatwa na mchanga. Uji mwembamba unaotiririka na kunuka ile harufu kali ya oili ya difu ni sili ya ndani. Rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia, na hapo hakuna kusubiri mwisho wa mwezi, kwa sababu beringi iliyolowa maji huanza kupata kutu gari likiwa limeegeshwa tu.

Ukishajua ni sili ya ndani, jiulize kwa nini imekufa. Uzee ni sababu halali kwa gari la miaka 40 na zaidi, lakini kuna nyingine nne, na ukiziacha sili mpya haitafikisha mwaka.

Ya kwanza ni kipumulio, na kwa huku kwetu naiweka juu ya zote. Ni kifuniko kidogo juu ya ekseli kinachoruhusu hewa kuingia na kutoka. Ekseli ikipata joto, hewa ya ndani hutanuka. Kipumulio kikizibwa na vumbi, hewa inatafuta njia kupitia kwenye sili na kuisukuma oili mbele yake. Halafu unaingia kwenye Kinyasungwe au Bubu ikiwa na maji, ekseli inapoa ghafla, hewa inasinyaa, na maji yananyonywa ndani kupitia sili zile zile. Kifungue, kioshe kwa petroli, pulizia uone hewa inapita. Vizuri zaidi, kiondoe na ufunge mpira mwembamba wa mafuta unaopanda hadi karibu na injini, juu ya kimo cha maji. Hakuna kazi nyingine ya bei ndogo kwenye ekseli hii yenye faida kubwa kama hiyo.

Ya pili, shafti yenyewe imechimbika mfereji pale ulimi wa sili unapokaa. Pitisha ukucha. Ukikwama, sili mpya itavuja; ipigilie kidogo mbele au nyuma ya pale ilipokuwa ya zamani ili ulimi upate chuma kizima, au tafuta shafti nyingine. Ya tatu, nako haikukaa katikati, hivyo shafti inailalia sili upande mmoja. Hilo nitalirudia kwenye shimu, vile vibati vyembamba vya kurekebishia nako. Ya nne, oili imejazwa kupita kiasi. Jaza hadi ianze kutoka kwenye tundu gari likiwa tambarare, basi.

Dalili: usukani kutetemeka

Gari linakwenda vizuri, linagonga kishimo au linapita rasta za barabara ya vumbi, mara usukani unaanza kuyumba kushoto na kulia kwa kasi na hauachi mpaka upunguze mwendo. Likikutokea barabarani, achia mafuta taratibu, shika usukani imara na uliache gari lipungue lenyewe.

Anza na lisilo na gharama: chungulia ndani ya rimu. Tope jeusi la mbuga likikauka humo huharibu balansi ya tairi, na kuna magari yaliyofumuliwa ekseli nzima kwa sababu ya tope la kilo moja. Kisha angalia upepo wa matairi, nati za rimu, na yubolti za springi.

Baada ya hapo mshukiwa mkuu ni beringi za nako. Kwa kuwa gari hutumia muda mwingi likienda moja kwa moja, roli za beringi hizo hukaa mahali pamoja miaka na miaka, zikipigwa na kila shimo, hadi zinachimba vijishimo kwenye bakuli lake. Chomoa tairodi endi na ugeuze nako kwa mkono kutoka mwisho hadi mwisho. Ikinata katikati na kuteleza pembeni, bakuli zimechimbika, na hakuna grisi wala kukaza kutakakozirudisha.

Wengi hukimbilia kununua shokapu mpya ya usukani. Inatuliza mtetemo kwa muda, na ndiyo hatari yake: ugonjwa unaendelea chini yake bila kujulikana. Ibadilishe mwishoni, kila kitu kingine kikiwa kizima.

Hapa nisisitize jambo la usalama. Mkono wa usukani umefungwa juu ya nako kwa stadi nne zenye nati na washa za koni. Stadi hizi hulegea kwa mtikisiko wa barabara za rasta. Zikilegea, mkono unaanza kucheza kidogo kidogo, stadi moja inakatika, kisha ya pili, na siku zikikatika zote, tairi linageuka linakotaka lenyewe. Kila unapoingia chini ya gari, weka spana ya vipimo kwenye nati hizo. Kwa ekseli zenye breki za diski kipimo ni karibu Nm 95 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Ukiona ufa wa vumbi na kutu kati ya mkono na nako, gari hilo lisisafiri.

Dalili: ta-ta-ta wakati wa kona

Funga loki za habu (zile zinazounganisha tairi la mbele na shafti yake), ingiza gia ya magurudumu manne, tafuta uwanja wa mchanga na uzunguke polepole usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho, kulia kisha kushoto. Mlio ukitokea upande mmoja ni jointi ya Birfield ya upande huo. Halafu fungua loki, rudisha gia ya magurudumu mawili na urudie mzunguko. Shafti za mbele sasa hazizunguki, kwa hiyo mlio ukiendelea tafuta kwingine: beringi ya tairi, breki, au jiwe lililonasa kwenye kinga ya diski.

Jointi inayolia kwa mbali haijafa. Gololi zimechimba njia zao upande mmoja, ule unaobeba mzigo gari linapokwenda mbele. Ukihamisha jointi ya kulia ikaenda kushoto na ya kushoto ikaja kulia, mzigo unahamia kwenye kuta ambazo hazijachakaa, na mlio unaweza kunyamaza kwa miaka. Hamisha jointi peke yake; shafti zibaki kila moja upande wake kwa sababu urefu wake haulingani. Lakini kabla ya kufanya hivyo ioshe na uikague kikombe chake na kile kizimba kinachoshika gololi. Ufa wowote, hata mwembamba kama unywele, unaifanya jointi hiyo kuwa chuma chakavu.

Na tafadhali, gari hili halina difu ya katikati. Magurudumu manne ni ya mchanga na tope. Ukiyatumia kwenye lami, matairi ya mbele na ya nyuma yanabishana na anayelipa ni jointi hii.

Dalili: habu ya moto, mvumo, breki kuvuta upande

Baada ya mwendo wa nusu saa, simama na ulinganishe habu mbili kwa kiganja. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, ama breki yake imeng'ang'ania ama beringi zake zimekazwa mno au zimekauka. Inua tairi ulizungushe: likikwama pale pale ni breki, likizunguka kwa sauti ya mchanga ni beringi.

Breki ikivuta upande mmoja na pedi zimelowa oili, zitupe pande zote mbili. Kuzichoma kwa petroli au kuzisugua kwa msasa hakuondoi oili iliyokwisha kunywewa. Vumbi la breki za zamani linaweza kuwa na asbesto, kwa hiyo osha kwa maji, usipulize kwa kompresa.

Mlio wa "kong" unapoachia klachi mara nyingi hauhusiani na haya yote. Angalia kwanza kroosi, vile viungo vya msalaba vya propela shafti.

Ukishaamua kufungua

Fungua pande zote mbili na ubadilishe kwa seti: sili mbili za ndani, seti mbili za sili za nje, sili mbili za habu, beringi nne za nako, gasketi na washa za kufungia nati za habu. Beringi nne za tairi zibadilishe kama zina madoa ya bluu, mikwaruzo au kutu. Nenda dukani na beringi ya zamani mkononi. Namba yake imechongwa ubavuni, nayo haidanganyi kama kitabu kilichonakiliwa mara kumi. Beringi inayojiita ya Japani lakini ina maandishi yaliyopindapinda na bei ya karanga, iache.

Fanya kazi asubuhi. Upepo wa mchana wa Dodoma wakati wa kiangazi unabeba mchanga, na chembe moja kwenye beringi mpya inaanza kuila siku ile ile. Mwagia sakafu maji, tandika turubai safi, kila kilichooshwa kifunikwe.

Washa za koni zilizo kwenye habu na kwenye mkono wa usukani ndizo huwatia mafundi hasira. Usizichokonoe kwa bisibisi. Regeza nati hadi ncha ya stadi, weka kipande cha shaba juu yake, gonga kwa nguvu mara chache, koni zitaruka zenyewe. Nati za ndani ya habu zinahitaji soketi ya mm 54. Kuzifungua kwa patasi na nyundo kunaharibu kona zake na kuacha vipande vya chuma karibu na beringi.

Sasa shimu, ambapo kazi hii inafaulu au inaharibika. Chini ya mkono wa usukani na juu ya kofia ya chini ya nako kuna vibati vyembamba. Vya juu na vya chini, vya kulia na vya kushoto, kila kundi lifungwe kwa waya na kuandikwa jina kabla hujashika lingine. Vinafanya kazi mbili: jumla ya unene wake ndiyo inayoamua beringi za nako zinabanwa kiasi gani, na mgawanyo wake juu na chini ndio unaoiweka nako katikati ya shafti. Ukizichanganya, beringi zinaweza kubanwa sawasawa kabisa huku shafti imelalia sili, na baada ya wiki chache uji unatiririka tena.

Kupima mbano, funga nako ikiwa na beringi na shimu zake bila shafti na bila sili ya nje. Chukua mizani ya springi yenye ndoano, kama wanayotumia wauza nyama pale mnada wa Msalato, uitie kwenye tundu la tairodi endi na uvute kwa pembe mraba. Soma kilo pale nako inapoanza kusogea. Kiwango hutofautiana kwa mwaka wa gari, kwa hiyo fuata kitabu cha warsha cha toleo lako. Ikiwa nyepesi, punguza shimu; ikiwa nzito, ongeza. Usukani unaokuwa mzito na usiorudi wenyewe baada ya matengenezo, karibu kila mara ni hatua hii iliyorukwa.

Sili ya ndani ipigiliwe kwa kipande bapa cha duara, taratibu, ikiingia sawa pande zote, na ulimi wake upake grisi. Shafti ipitishwe kwa mikono miwili, imeinuliwa. Meno yake yakiburuzwa juu ya sili mpya, umeikata kabla haijafanya kazi. Kumbuka kuvisha seti ya sili ya nje kwenye tufe kabla ya nako kurudi. Felti iloweshe oili kwanza. Jointi ijazwe grisi ya lithiamu yenye molibdenamu hadi itokeze upande wa pili, kisha nako ijazwe kama robo tatu.

Beringi za tairi: kaza nati ya ndani hadi karibu Nm 60 huku ukizungusha habu ili roli zikae, ilegeze kabisa, kisha ikaze tena kidogo tu hadi mchezo uishe na habu izunguke bila kukwama. Kunja washa ya kufungia, kaza nati ya nje, halafu pima tena, kwa sababu nati ya nje huongeza mbano.

Mwenye Land Rover ya Series asichukue vipimo hivi. Ekseli yake inafanana kwa sura, ila ndani ina kroosi badala ya Birfield, na tufe lake kwa asili hutiwa oili ya EP 90, si grisi. Kwake adui wa kwanza ni kromu ya tufe: ikichimbika kutu, kila sili mpya inachanwa ndani ya miezi.

Baada ya kilomita 100 za kwanza, kaza upya stadi za mkono wa usukani na uguse habu zote mbili. Rudia ukifika 500, pima mchezo wa tairi likiwa juu, na uchovye waya kwenye plagi ya nako. Grisi ikitoka nzito kama ulivyoiweka, sili imekaa. Na kila unapovuka maji yaliyofika kwenye habu, fungua plagi ya chini ya difu jioni ile ile uone kinachotangulia kutoka. Maji ni mazito kuliko oili na hukaa chini. Yakitoka, badilisha oili yote kabla gari halijasafiri tena.